Nyaya tatu, taa 192: jinsi ya kugeuza data ya mfululizo kuwa sambamba

Kila mwezi wa Shaabani ukikaribia kwisha, simu yangu hailali. Kamati za misikiti hukumbuka ule ubao wa saa za swala uliozimika tangu mwaka jana, na kila moja hutaka ubao wake uwake kabla mwezi haujaandama. Mbao hizi, zile zenye namba nyekundu za taa pembeni mwa mihrabu, nyingi si mbovu. Kilichokufa ni kompyuta kuukuu iliyokuwa ikiziendesha kupitia tundu la printa. Kompyuta mpya hazina tundu hilo, basi fundi hutazama, akatikisa kichwa, akasema ubao hauna dawa, nunueni mwengine. Pesa za waumini huchangwa tena kwa kitu ambacho dawa yake ni chipu chache na nyaya tatu.

Makala haya nimeyaandika ili kijana yeyote wa hapa Pwani anayejua kushika solda aweze kuifanya kazi hiyo mwenyewe. Jambo lenyewe ni moja: data inakuja biti moja moja kwenye waya mmoja, nasi twataka itoke biti nane, kumi na sita au mia mbili kwa pamoja. Ukishalielewa, utaweza kutengeneza ubao wa matokeo ya mpira, ubao wa namba za foleni kliniki, au taa za kuonyesha kiwango cha maji kwenye tangi.

Mfululizo na sambamba

Kompyuta ya IBM PC iliyotoka mwaka 1981 iliweza kuwekewa kadi yenye tundu la printa la miguu 25. Miguu nambari 2 hadi 9 ilikuwa ya data, yaani nyaya nane kwa biti nane. Programu ikiandika namba 255, nyaya zote nane hupata umeme. Ikiandika 0, zote huzima. Hii ndiyo njia ya sambamba. Ni rahisi kuielewa, ila hula nyaya nyingi, na kila taa unayoongeza hudai waya wake.

Njia ya mfululizo hutumia waya mmoja. Kanuni yake maarufu, RS-232, ilitolewa Marekani mwaka 1960, na bado iko ndani ya mashine nyingi za viwandani na za dukani. Waya ukiwa umepumzika hukaa kwenye volti hasi, kati ya 3 na 15 chini ya sufuri, na hiyo huhesabiwa kuwa 1. Volti chanya, kati ya 3 na 15, huhesabiwa kuwa 0. Naam, ni kinyume na unavyotarajia, na vijana wengi hukwama hapo siku ya kwanza.

Kila baiti hutanguliwa na biti moja ya kuanzia, ambayo ni 0. Hufuata biti nane za data, ile ndogo kwanza, kisha biti ya kumalizia, ambayo ni 1. Jumla ni biti kumi. Kwa kasi ya 9600, kila biti hukaa takriban mikrosekunde 104, hivyo kwa sekunde moja zapita baiti 960. Printa, mizani na mashine za risiti huzungumza hivyo hivyo.

Mlango mmoja, safu moja

Tuseme kuna msikiti wenye mlango mmoja mwembamba, na ndani kuna safu ya watu wanane. Watu wataingia mmoja mmoja. Kila msimamizi akipiga kofi, aliye mlangoni huingia, na waliomo ndani husogea nafasi moja mbele. Baada ya makofi manane, aliyeingia wa kwanza yuko mwisho wa safu, na wa mwisho yuko karibu na mlango. Hapo ndipo imamu hutoa takbira, na wote hufuata kwa pamoja.

Chipu tunayoihitaji hufanya hayo hayo. Huitwa rejista ya kusogeza. Mlango ni waya wa data, makofi ni waya wa mapigo, na takbira ni waya wa kuonyesha. Huo wa tatu ndio muhimu. Bila huo, taa zingekuwa zikiwaka na kuzima kila biti inaposogea, na ubao ungemeta kama taa za harusi. Ukiwepo, msukumano wote hufanyika kwa siri, na anayetazama huona namba ya zamani mpaka mpya iwe tayari yote.

Chipu yenyewe

Natumia 74HC595. Ni chipu ya miguu 16, hufanya kazi kati ya volti 2 na 6, na ni ya bei nafuu. Miguu yake ni hii:

Mguu 14: data inaingia hapa.
Mguu 11: mapigo. Kila volti inapopanda, data husogea nafasi moja.
Mguu 12: kuonyesha. Volti inapopanda, biti nane hutokea nje kwa pamoja.
Mguu 15, kisha 1 hadi 7: matokeo manane, kuanzia la kwanza hadi la nane.
Mguu 9: biti inayosukumwa nje ya safu, ya kupeleka kwenye chipu inayofuata.
Mguu 10: kufuta. Uunge kwenye volti 5 ili usifute kitu.
Mguu 13: kuruhusu matokeo. Uunge kwenye ardhi ili taa ziruhusiwe kuwaka.
Mguu 16 ni volti 5, na mguu 8 ni ardhi.

Uzuri wa chipu hii ni ule mguu wa 9. Ukiuunga kwenye mguu wa 14 wa chipu ya pili, na miguu ya 11 na 12 ya chipu zote ukaiunganisha, umepata safu ya kumi na sita. Ongeza ya tatu, ni ishirini na nne. Nyaya kutoka kwa kompyuta hubaki tatu zile zile, pamoja na wa nne wa ardhi ambao haukosekani kamwe.

Kila taa iwekewe resista yake. Kwa taa nyekundu inayokula volti 2, resista ya ohmu 470 hupitisha takriban miliampea 6. Taa nane ni kama miliampea 51. Chipu nzima isipitishe zaidi ya miliampea 70, kwa hiyo uko salama. Ikiwa namba zako ni kubwa na kila mstari una taa kadhaa zinazotaka volti 12, usizilazimishe moja kwa moja. Weka ULN2803 katikati. Ina swichi nane ndani yake, na kila moja huhimili hadi miliampea 500, ilimradi zote zisibebeshwe mzigo huo kwa wakati mmoja.

Kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye chipu

Hapa kuna njia mbili, na usizichanganye.

Ya kwanza ni kusoma baiti za mfululizo zenyewe, na biti zake za kuanzia na kumalizia. Kwa kazi hiyo yahitajika kitu chenye saa ndani yake, kijue biti moja imekwisha lini na nyingine imeanza lini. Zamani tulitumia chipu za jamii ya 6402 zenye miguu 40, zilizotaka saa ya kasi mara 16 ya mawasiliano; kwa 9600 hiyo ni 153,600 kwa sekunde. Siku hizi mikrokontrola kama ATmega328, ile iliyo kwenye Arduino Uno, hufanya hivyo bila jasho, kisha huisukuma data kwenye 74HC595. Sharti ni moja: saa za pande mbili zisipishane sana. Tofauti ikikaribia asilimia 5, biti ya mwisho husomwa vibaya. Mimi hupenda ibaki chini ya 2.

Ya pili haina saa wala mikrokontrola. Tundu la siriali la miguu 9 lina nyaya za kuashiria ambazo programu yaweza kuzipandisha na kuzishusha itakavyo: mguu 7, uitwao RTS, na mguu 4, uitwao DTR. Mguu 3, wa kutumia data, nao hupanda ukiiamuru programu ishikilie hali ya mkato. Basi RTS naufanya data, DTR mapigo, na mguu 3 kuonyesha. Mguu 5 ni ardhi. Kompyuta yenyewe ndiyo hupiga makofi, kwa hiyo hakuna kasi ya kukubaliana.

Tatizo ni volti. Nyaya hizo hupanda hadi 12 na kushuka hadi 12 chini ya sufuri, na 74HC595 haitaki zaidi ya 5 wala chini ya sufuri. Kwa kila waya weka resista ya ohmu 4,700, kisha zena ya volti 5.1 kutoka hapo kwenda ardhini. Volti chanya hukatwa kwenye takriban 5, na hasi hukatwa karibu na sufuri. Kutoka kwenye zena pitisha resista nyingine ya ohmu 1,000 hadi kwenye chipu ya 74HC14. Chipu hiyo ina vigeuzi sita, navyo husafisha volti inayopanda taratibu ikawa wima. Kila kigeuzi hupindua 0 kuwa 1, kwa hiyo tumia viwili kwa kila waya. Nyaya tatu mara mbili ni sita. Chipu moja yatosha kamili.

Usiruke hatua hii. Volti ya RS-232 hupanda polepole, hasa waya ukiwa mrefu, na 74HC595 ikiona volti inayositasita katikati yaweza kuhesabu pigo moja kuwa mawili.

Kama kompyuta haina tundu la siriali, kuna vibadilishi vya USB. Viko vya aina mbili: vinavyotoa volti kamili za RS-232, na vinavyotoa 0 na 5 tu. Hivi vya pili havihitaji zena, ila ishara zake huwa kinyume, na utazigeuza ndani ya programu. Pia kupitia USB kila badiliko la waya huchukua kama milisekunde moja. Si neno. Ubao wa saa za swala hauna haraka ya pikipiki.

Hesabu ya ubao

Ubao wangu una mistari sita: Alfajiri, kuchomoza jua, Adhuhuri, Alasiri, Magharibi na Isha. Kila mstari una tarakimu nne. Hizo ni tarakimu 24, na kila moja ina vipande saba vya taa na nukta moja, yaani biti nane. Chipu 24 kwa tarakimu 24, matokeo 192. Kila pande zote zikiwaka, umeme ni kama ampea 1.2 kwa volti 5, basi weka usambazaji wa ampea 2.

Vipande vikiungwa kwa utaratibu wa kawaida, cha juu kikiwa kwenye tokeo la kwanza na kile cha katikati kikiwa cha saba, namba za kutuma ni hizi: 0 ni 63, 1 ni 6, 2 ni 91, 3 ni 79, 4 ni 102, 5 ni 109, 6 ni 125, 7 ni 7, 8 ni 127, na 9 ni 111. Tuma tarakimu ya mwisho kabisa kwanza, na katika kila tarakimu tuma biti kubwa kwanza, kwa sababu anayeingia wa kwanza ndiye husukumwa mbali zaidi.

Kwa kila biti: weka data, pandisha mapigo, shusha mapigo. Mara 192. Kisha pandisha waya wa kuonyesha mara moja na uushushe. Kwa tundu halisi hutahisi hata kupita kwa muda. Kwa USB ni zaidi kidogo ya nusu sekunde.

Siku niliyokaribia kuwafuturisha watu kabla ya wakati

Ubao wangu wa kwanza sikuuwekea 74HC14. Wala sikuweka kapasita. Waya wa mita nane kutoka chumba cha muadhini niliupitisha kwenye bomba moja na nyaya za mapanka, kwa sababu bomba lilikuwepo tayari na mimi nilikuwa na haraka.

Ilikuwa Ramadhani. Magharibi siku hiyo ilikuwa saa 12:38, kwa saa zetu za Kiswahili. Panka moja likawashwa wakati data inapita, na biti moja ikapotea. Biti moja tu. Namba 127 ikawa 63, yaani kile kipande cha katikati hakikuwaka, na 8 ikageuka 0. Ubao ukasema 12:30.

Lau ungeonyesha takataka, kila mtu angejua umeharibika. Ulionyesha saa safi, inayoaminika, na ya uongo. Watu walishashika tende mkononi. Mzee mmoja wa safu ya mbele, asiyevaa saa, alitazama dirishani akasema, "Wanangu, wekeni chini, jua bado halijatua." Muadhini akatoa kalenda yake ya karatasi mfukoni, ikamuunga mkono mzee. Sikuwa na pa kuuficha uso wangu.

Swaumu za watu si mahali pa kujaribia saketi. Tangu siku hiyo nafanya mambo manne, na nakuomba nawe uyafanye.

Kwanza, kila chipu iwe na kapasita ya nanofaradi 100 kati ya mguu 16 na mguu 8, karibu kabisa na chipu, na moja kubwa ya mikrofaradi 470 pale umeme unapoingilia ubao.

Pili, waya wa data usilale kamwe pamoja na waya wa stima. Uwe na bomba lake, na waya wa ardhi usokotwe pamoja nao.

Tatu, rudisha jibu. Mguu wa 9 wa chipu ya mwisho, ule ambao hauna wa kumpa, uunge kwa waya hadi mguu 8 wa tundu la kompyuta, uitwao CTS. Tuma biti zote 192. Usionyeshe bado. Tuma tena zile zile, na kabla ya kila pigo soma kinachotoka CTS. Kwa USB ipe programu subira ya milisekunde chache kabla ya kusoma. Zinazotoka ni zile za mzunguko wa kwanza. Zikilingana zote na ulizotuma, pandisha waya wa kuonyesha. Isipolingana hata moja, usionyeshe, rudia. Ubao utabaki na saa za mwanzo zilizokuwa sahihi, na saa za swala hazihami sana kwa siku moja. Volti 5 za chipu hutosha kusomwa na matundu mengi bila kibadilishi kingine.

Nne, tuma upya kila dakika. Stima ikikatika na kurudi, 74HC595 huamka na namba za ovyo, na ule mguu wa kufuta husafisha safu ya ndani tu, hausafishi kinachoonekana nje. Utumaji wa kwanza baada ya stima kurudi ndio huuweka ubao sawa.

Adui wetu wa Pwani

Fundi wa bara hatakwambia hili: chumvi. Upepo wa bahari hula miguu ya chipu na viungo vya tundu, kikaota kijani kama sarafu ya kale. Nusu ya mbao ninazoitiwa hazina ubaya ila viungo vilivyoliwa. Kabla hujabadilisha chipu, chomoa kila kiungo, kisugue kwa spiriti na mswaki, ukauke, kisha jaribu. Ukimaliza kuchoma bodi mpya, isafishe mabaki ya solda na uipake vanishi ya saketi mara mbili. Chipu usizitie kwenye soketi ikiwa msikiti uko ufukweni. Zichome moja kwa moja.

Anza na chipu moja na taa nane mezani kwako. Tuma namba 1, itazame taa ya kwanza, kisha 2, kisha 4, hadi 128. Zikifuatana kwa zamu, umeelewa. Ongeza ya pili. Ukifika ya ishirini na nne, hakuna utakalokuta ambalo hukulikuta kwenye ya kwanza.

Na kwa wazee wa kamati nasema: kabla hamjapitisha kopo la mchango kwa ubao mpya, mwiteni kijana wa mtaani aufungue wa zamani. Mpeni wiki mbili na bei ya chipu. Mkiona amefaulu, mlipeni ujira wake kama mlivyokuwa tayari kumlipa muuzaji. Na huo ubao ukishawaka, kalenda ya karatasi ibaki mfukoni mwa muadhini.